Kabati lililozidi kugoma kila lilipotiwa mafuta: uchambuzi wa kisa kimoja

Usuli

Kabati lenyewe ni la mbao ngumu, la kurithi, na bado linatumika kila siku katika nyumba ya familia. Nimeondoa kila kinachoweza kumtambulisha mwenyewe. Vipimo na mpangilio wa kazi nimeviacha kama vilivyokuwa.

Upande wa kulia kabati lina droo nne. Tatu za juu ni ndogo na zinateleza mbao juu ya mbao, kama maseremala wa zamani walivyozitengeneza. Ya chini kabisa ni kubwa na nzito, na miaka kadhaa nyuma fundi mwingine aliifunga reli za chuma zenye gololi ili ibebe uzito zaidi. Upande wa kushoto kuna mlango mmoja wenye bawaba mbili za shaba na kitasa cha ufunguo.

Kwa hiyo fenicha moja ilikuwa na namna nne za vitu kusuguana: mbao kwa mbao, gololi ndani ya njia ya chuma, pini ndani ya bawaba, na vipande vidogo vya chuma ndani ya kitasa. Tatu kati ya hizo zilikuwa zimetiwa mafuta yale yale ya kupikia, na ile ya gololi ikapuliziwa dawa ya kulegeza kutu. Hicho ndicho kiini cha kisa hiki.

Mfuatano wa mambo kabla sijaitwa

Droo ya juu ilianza kukaza wakati wa unyevu mwingi. Mwenyewe alimimina mafuta kidogo ya alizeti pembeni, akaivuta na kuirudisha mara kadhaa, ikalainika. Aliridhika, akafanya hivyo kwa droo nyingine mbili, akamalizia na bawaba na tundu la ufunguo. Kwa siku za mwanzo kila kitu kilikwenda vizuri.

Baadaye droo zikaanza kukaza tena, safari hii kwa namna nyingine. Mwanzoni zilikuwa zinakwaruza. Sasa zilikuwa zinanata. Akaongeza mafuta. Zikalainika kwa muda mfupi kuliko mara ya kwanza, kisha zikanata zaidi. Droo kubwa ya reli ilipoanza kugota, akaipulizia kopo la dawa ya kulegeza skrubu zenye kutu. Kitasa kilipokuwa kizito, kuna mtu akamwambia kwamba risasi ya penseli hulainisha vitasa, naye akaikwangua na kuusukuma unga wake ndani ya tundu ambalo tayari lilikuwa na mafuta.

Aliniita siku mkono wa droo ya kwanza ulipong'oka kwa kuvutwa kwa nguvu, na kiungo kimoja cha uso wa droo kikaachia.

"Fundi, mafuta nimetia mpaka basi, lakini kila nikitia inazidi kugoma," alisema.

"Ndiyo mama. Basi kwanza tusitie kitu kingine chochote, tulitazame," nikamjibu.

Kupima kabla ya kupaka

Kazi ya kwanza ilikuwa kutoa vitu vyote ndani ya droo. Si kwa sababu ya kulinda mali tu. Guillaume Amontons alieleza mwaka 1699 kwamba msuguano hukua sawia na uzito unaokandamiza, na droo iliyojaa inaweza kukudanganya kabisa: huwezi kujua kama tatizo ni uso unaosuguana au mzigo uliomo. Droo ya pili, ilipokuwa tupu, ilikuwa nzuri kuliko ilivyodhaniwa. Ya kwanza na ya tatu zilibaki ngumu hata bila kitu ndani.

Kisha nikapitisha kidole juu ya njia za mbao. Palikuwa na utando wa rangi ya kahawia, mgumu pembeni na wenye kunata katikati, uliochanganyika na vumbi na unga wa mbao. Mafuta ya alizeti yana asidi nyingi za mafuta ambazo hushika oksijeni ya hewani. Zikishaishika, molekuli huungana, na kile kilichokuwa kimiminika huwa kizito, kisha hunata, kisha hukauka kuwa ngozi. Mafuta ya mbegu za kitani hutumika kupakia samani kwa sababu hiyo hiyo: yanaganda na kuwa ganda la kukinga mbao. Alizeti huganda polepole zaidi, lakini huganda. Mtu anayeyatia kwenye droo anaipaka aina ya vanishi isiyokauka vizuri.

Nikapaka chaki kwenye kingo za droo, nikazirudisha na kuzivuta, kisha nikatazama mahali chaki ilipofutika. Hapa ndipo picha ilipobadilika. Ubavuni chaki ilibaki karibu yote. Ilifutika juu, kwenye ukingo wa juu wa mbao za pembeni, hasa upande wa nyuma kulia.

Mbao hutanuka kwa upana wake ikinywa unyevu, na karibu haitanuki kabisa kwa urefu wa nyuzi. Mbao za pembeni za droo hukatwa nyuzi zikielekea mbele na nyuma, hivyo zikivimba huongezeka kimo. Droo inayokazwa na unyevu kwa kawaida hubanwa juu na chini. Watu wengi hukimbilia kuipunguza ubavuni, ambako hakuna kilichoharibika.

Swali likawa unyevu unatoka wapi. Kabati lilikuwa kwenye kona, mgongo wake na ubavu wa kulia vimegusana na ukuta unaopakana na bafu. Niliposogeza kabati, mgongo wa chini ulikuwa na baridi ya majimaji na alama nyeupe za ukungu. Mwenyewe hakuwahi kulitaja bafu, na hakuwa na sababu ya kulitaja, maana kwake tatizo lilikuwa ni droo.

Droo za mbao: uamuzi wa kusubiri

Njia ya haraka ingekuwa kuchukua randa na kupunguza kimo cha mbao siku hiyo hiyo. Sikukubali. Mbao iliyovimba ukiirandia, itakapokauka itasinyaa na droo itakuwa na pengo, itayumba na kuinamia mbele ikivutwa. Unachoondoa hakirudi.

Tukakubaliana kabati lisogezwe mbali na kuta zote mbili kwa upana wa kiganja, droo zitolewe zikae zimesimama mahali penye hewa, bila jua la moja kwa moja ambalo lingezipinda. Zikakaa hivyo kwa wiki mbili hivi.

Wakati huo nilishughulikia utando. Uliokwisha kuganda hauyeyuki kirahisi kwa tapentaini; unakwanguliwa. Nilitumia patasi butu iliyolazwa, nikikwangua kufuata nyuzi, na tapentaini nikaitumia mwishoni tu kufuta unata uliobaki, madirisha yakiwa wazi na hakuna moto karibu. Vitambaa nilivyotumia sikuvibunda na kuvitupa kwenye pipa. Nilivitandaza nje kimoja kimoja mpaka vikakauka. Mafuta yanayoganda hutoa joto yanapoganda, na kitambaa kilichobundwa hulifungia joto hilo ndani mpaka kinaweza kuwaka chenyewe. Hatari hiyo inajulikana zaidi kwa mafuta ya kitani, lakini tabia ya kutandaza vitambaa ni nzuri kwa kazi yoyote ya namna hii.

Baada ya kukauka, droo ya tatu iliingia bila kukwaruza popote. Haikuhitaji kuguswa na msasa. Ya kwanza ilibaki na sehemu mbili ambazo chaki ilifutika, nikazisugua kwa msasa namba 120 uliofungwa kwenye kipande cha mbao, kisha namba 180, nikijaribu kila baada ya mipito michache. Kiungo kilichoachia kilisafishwa, kikatiwa gundi ya mbao na kubanwa kwa jiwe hadi siku ya pili.

Kilainishi nilichochagua ni mshumaa mweupe wa kawaida. Nta ya mafuta ya petroli haishiki oksijeni kama mafuta ya kupikia, haizami sana ndani ya mbao, na ikishasuguliwa kwa kitambaa inaacha uso mkavu ambao vumbi halinati. Niliipaka kwenye kingo za chini za droo, kwenye njia zake, na kwenye ule ubao wa juu unaozuia droo isiinamie mbele. Watu husahau huo wa mwisho, na katika kisa hiki ndio uliokuwa ukisuguliwa zaidi.

Mwenyewe aliuliza kwa nini nisitumie sabuni kavu, maana mama yake alikuwa akiitumia. Sabuni hufanya kazi, na mtu asiye na kingine anaweza kuitumia. Lakini hunywa unyevu wa hewani, na hili lilikuwa kabati lililougua unyevu. Silikoni ya kupuliza niliikataa kwa sababu tofauti: ikishazama kwenye mbao, siku ukitaka kupaka vanishi upya, vanishi itajikunja na kuacha vishimo vishimo. Kabati la kurithi litahitaji vanishi siku moja.

Droo ya reli: mahali kilainishi kisipoweza kitu

Droo kubwa ilifunguka vizuri mwanzoni, ikagota ilipokaribia kufungika kabisa. Dalili hiyo peke yake inasema mengi. Reli iliyokauka huwa nzito mwendo wote. Reli inayogota sehemu ile ile kila mara ina kizuizi, au imebanwa.

Nilipima. Reli nyingi za pembeni zenye gololi zinahitaji nafasi ya takriban milimita 13 kila upande, yaani 26 kwa jumla kati ya droo na kabati. Mbele nilipata 26. Nyuma nilipata 23. Nilipoitoa droo nikaona chanzo: aliyefunga reli aliweka kipande cha plaiwudi nyuma ya reli ya kushoto ili kuinyoosha, nacho kilikuwa kinene mno. Juu ya hayo, skrubu moja ilikuwa haijazama, kichwa chake kikikwangua sehemu ya ndani ya reli kila droo ilipopita. Mkwaruzo ulikuwa unang'aa. Milimita hizo tatu hakuna mafuta duniani yanayoweza kuzifuta.

Ile dawa ya kupuliza nayo ilichangia, kwa njia isiyoonekana haraka. Dawa za namna hii zina kiyeyushi chepesi kingi na mafuta kidogo, maana kazi yake ni kupenya penye kutu. Kwenye reli, kiyeyushi kiliosha grisi nyembamba iliyowekwa kiwandani, kikageuka mvuke na kupotea hewani, na kilichobaki ni utelezi mwembamba uliokamata vumbi. Vumbi hilo likichanganyika na chembe za chuma zilizotoka kwenye kichwa cha skrubu, gololi zikawa zinajisaga kwenye tope.

Tuliamua kwanza kujaribu kuziokoa reli. Nilizisafisha kwa mswaki na tapentaini, nikazikausha, nikatia grisi nyeupe ya lithiamu kiasi cha kuacha alama ya kidole tu, nikaondoa plaiwudi na kuzamisha skrubu. Ya kulia ikarudi katika hali njema. Ya kushoto iliendelea kunguruma, na nilipoitazama vizuri kwenye mwanga, kile kikamba cha chuma kinachoshikilia gololi kilikuwa kimepinda na gololi kadhaa hazikuwepo. Reli zikabadilishwa zote mbili, kwa sababu hufungwa kwa jozi, na mpya upande mmoja pamoja na ya zamani upande wa pili huifanya droo iende mshazari. Zile mpya sikuzitia chochote. Zina grisi yake tayari, na grisi nene juu yake ni mtego wa vumbi.

Kuna jambo dogo la kuongeza hapa, kwa kuwa huwatisha watu bila sababu. Reli mpya au iliyofungwa upya wakati mwingine hukataa kufunguka hadi mwisho, kama imegonga ukuta. Mara nyingi kikamba cha gololi kimesogea tu kutoka mahali pake. Droo ikisukumwa ndani hadi mwisho kwa mkazo wa taratibu, na kuvutwa nje tena hadi mwisho, kikamba hurudi mahali pake.

Mlango na kitasa

Kipimo kimoja kilitosha kuamua kazi ya upande huu: kuzungusha ufunguo mlango ukiwa wazi. Ukiwa wazi, ufunguo ulikuwa mzito kiasi. Ukiwa umefungwa, haukuzunguka kabisa bila kuunyanyua mlango kwa mkono mwingine. Hivyo kulikuwa na matatizo mawili, moja ndani ya kitasa na jingine nje yake. Mlango ulikuwa umelala, na ulimi wa kitasa ulikuwa ukigonga chini ya tundu lake.

Mlango ulilala kwa sababu skrubu za bawaba ya juu zilizunguka bila kushika. Matundu niliyajaza vijiti vya mbao vilivyochovywa gundi, nikavikata viwe sawa na uso wa mbao, na baada ya gundi kukauka nikafunga skrubu zile zile. Mlango ukanyanyuka. Ndipo bawaba zikapata tone moja moja la mafuta ya cherehani juu ya pini, mlango ukafunguliwa na kufungwa mara kadhaa, na yaliyochuruzika yakafutwa. Mafuta ya cherehani ni mepesi, yanaingia kwenye nafasi nyembamba ya pini, na kwa kuwa yanatokana na petroli hayagandi kama ya alizeti.

Kitasa kilifunguliwa na kutolewa. Ndani yake kulikuwa na ugoro mweusi, mafuta yaliyokuwa yameanza kuganda yakiwa yameshikamana na unga wa penseli. Aliyempa ushauri wa penseli hakumdanganya. Grafiti ni kilainishi kizuri cha vitasa, kwa sababu imepangika tabaka juu ya tabaka na matabaka hayo huteleza kirahisi. Lakini inafanya kazi ikiwa kavu. Ndani ya mafuta inakuwa tope. Tena risasi ya penseli si grafiti tupu: tangu Nicolas-Jacques Conté alipobuni njia yake mwaka 1795, grafiti huchanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa, na kadiri penseli inavyokuwa ngumu ndivyo udongo unavyozidi. Penseli laini ya kuchorea, kama 6B, inafaa. Ile ngumu ya kupigia mistari inaingiza udongo kwenye kitasa.

Nilikiosha kwa tapentaini na brashi hadi majimaji yakatoka safi, kikakauka usiku kucha, kikapulizwa unga kidogo sana wa grafiti. Kidogo sana, kwa sababu ukizidi nao huziba.

Matokeo

Droo ya kwanza na ya tatu sasa zinavutwa kwa vidole viwili zikiwa na mzigo wake wa kawaida. Droo kubwa inafungika hadi mwisho bila kugota. Ufunguo unazunguka mlango ukiwa umefungwa.

Droo ya pili, ile iliyoonekana nzuri ilipokuwa tupu, hukaza kidogo siku za unyevu mwingi. Tungeweza kuipunguza, lakini tuliamua iachwe, kwa sababu siku kavu inakaa sawasawa na hakuna nafasi ya kupoteza. Harufu ya mafuta yaliyochacha ilipungua ila haikuisha. Yaliyozama ndani ya mbao hayakwanguliki. Mahali mafuta yalipofika karibu na kiungo kilichoachia nililazimika kukwangua zaidi ya nilivyopenda, maana gundi ya mbao haishiki kwenye mbao yenye mafuta.

Uchambuzi

Nisingependa kisa hiki kisomwe kama kisa cha mtu asiyejua. Mwenye kabati alifuata ushahidi wa macho yake: alitia mafuta, droo ikalainika. Karibu kimiminika chochote hulainisha kwa muda, hata kile kitakachoharibu. Matokeo ya dakika ya kwanza hayasemi lolote kuhusu mwezi wa tatu, na ndiyo maana kosa hili hurudiwa na watu makini kabisa. Ishara ambayo ingemzuia ilikuwepo: kila dozi ilidumu muda mfupi kuliko iliyotangulia. Jambo likilainika na kurudi, likilainika na kurudi upesi zaidi, kilainishi chenyewe kimeshakuwa sehemu ya ugonjwa.

Kilichofanya kazi zaidi kuliko kilainishi chochote kilikuwa hewa. Droo ya tatu iliponea kwenye kusafishwa na kukaushwa, na nta ikaja baadaye kama hifadhi. Laiti kabati lingerudishwa kwenye kona ile ile, nta ingesaidia hadi unyevu urudi, basi. Kwa maoni yangu, pengo la kiganja kati ya kabati na ukuta lilikuwa uamuzi wenye thamani kuliko mingine yote, na ndio ambao mwenyewe aliuona mdogo zaidi, kwa sababu ulihitaji tu kusukuma.

Jaribio la kuziokoa reli za zamani ndilo lililofeli. Lilichukua saa nyingi na likaishia kwenye kubadilisha. Je, lilikuwa na haki yake? Kwa reli iliyochafuka tu, ndiyo: ile ya kulia ilithibitisha kwamba usafi na grisi kidogo vinatosha. Kwa reli yenye kikamba kilichopinda, hapana. Mpangilio ulipaswa kuanza na kuitazama reli nje ya droo, kwenye mwanga, gololi moja baada ya nyingine, kabla ya kushika mswaki. Ukaguzi huo ni wa dakika chache na unajibu swali la kuokoa au kubadilisha. Tangu kazi hii ndio ninaoanza nao kwa kila reli inayonguruma.

Kuhusu kitasa, fundi mwingine angeweza kuninyooshea kidole kwamba tone la mafuta mepesi lingetosha na grafiti haikuhitajika. Sipingi kwa vitasa vyote. Hapa niliamua kilainishi kikavu kwa sababu tundu linaelekea mahali penye vumbi, na kwa sababu nilitaka mtu yeyote atakayekifungua miaka ijayo akute unga unaofutika kwa brashi, si utando wa kukwangua. Mwenyewe nimemwomba jambo moja tu kuhusu kitasa hicho, na amelikubali: kikianza kuwa kizito tena, kwanza ajaribu ufunguo mlango ukiwa wazi, aniambie ulivyozunguka, ndipo tuamue kama kinachohitaji kuguswa ni kitasa au skrubu za bawaba.